Mafuta ya mwani: Vijana, tupige hesabu kwanza

Kama umewahi kupita Kedowa ukielekea Kericho, unajua hali ya pale: baridi, ukungu na mikaratusi. Viwanda vya majani chai eneo hili huchoma kuni kukausha majani, na misitu ina mwisho. Ndipo kijana mwenye simu na bando anapouliza: mbona tusichimbe mabwawa, tufuge mwani, tukamue mafuta?

Swali ni zuri, lakini kabla hujaweka pesa ya chama humo, shika kalamu. Tuseme bwawa lako limefanya vizuri, kila lita ya maji ina gramu moja ya mwani mkavu, na robo yake ni mafuta. Lita moja tu ya mafuta itakudai uchuje zaidi ya lita 3,600 za maji, kisha ukaushe. Utakausha na nini? Kuni zilezile! Bado hujanunua mbolea wala kulipa stima ya pampu. Tena Kedowa iko juu ya mita 2,000, na usiku wa baridi hupunguza kasi ya mwani.

Usidhani ni umaskini wetu tu. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil ya Marekani ilitangaza ingetumia hadi dola milioni 600 kwa mafuta ya mwani. Kufikia 2023 ilikuwa imejitoa.

Hata hapa nyumbani tulishaumwa. Wakulima waliambiwa mbono ungewatajirisha kwa dizeli. Utafiti wa mwaka huo huo wa 2009, uliofadhiliwa na GTZ ya Ujerumani, ukaonyesha kwamba kwa mkulima mdogo haulipi, isipokuwa ukipandwa kama ua.

Je, tuache mwani kabisa? Hapana. Spirulina, chakula cha heroe wa Ziwa Bogoria, huuzwa kama unga wa lishe, tena kwa gramu. Dizeli huuzwa kwa lita. Anayetaka kufuga mwani aanze na soko la gramu, kwenye joto.

Na kwa Kedowa, pesa iko karibu zaidi: kuni zikaushwe vizuri kabla ya kuchomwa, na vumbi la mbao ligandamizwe liwe makaa ya kiwandani. Atakayekuletea mradi wa mafuta ya mwani, muulize jambo moja tu: lita moja itagharimu shilingi ngapi? Akianza kuzungukazunguka, funga mfuko wako.