Betri Inayojaa Haraka Ni Betri Mgonjwa

Hivi nani alituambia kwamba betri inayojaa haraka ndiyo betri nzuri? Hapa Gongoni, mjini Tabora, sifa hiyo nimeisikia mara nyingi: "Hii inajaa chapchap, saa moja tu taa ya kijani!" Na mnunuzi anafurahi. Sizungumzii simu mpya zenye chaja za kasi. Nazungumzia betri iliyokuwa ikichukua saa tano kujaa, sasa inachukua moja, na ukiitumia kidogo imekwisha. Jamani, hiyo si sifa, ni dalili ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni ukinzani wa ndani. Kila betri, hata mpya, huuzuia kidogo umeme wake yenyewe usipite. Sisi wa Tabora hili halitupi shida kulielewa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ilipita Ugogo, na watawala wa huko walitoza hongo ya vitambaa na shanga. Msafara mkubwa ulitoa zaidi. Mzigo uliofika hapa haukuwa ule uliotoka pwani. Ukinzani ndio hongo ya betri: ukivuta umeme mwingi unatozwa zaidi, na unachotozwa kinageuka joto.

Hongo hiyo inatozwa wakati wa kuchaji pia. Chaja huangalia volti. Betri ya risasi ya volti 12 ikionyesha kama 14.4, au seli ya lithiamu ya simu ikionyesha kama 4.2, chaja huanza kupunguza umeme. Kwenye betri iliyochoka, ukinzani huzipandisha volti hizo mapema mno. Chaja inadhani mgonjwa ameshiba, kumbe amekula vijiko viwili. Kwa mwenye sola jua linazama, na saa mbili usiku nyumba iko gizani.

Tena ugonjwa huu unajilisha wenyewe. Ukinzani unaleta joto, na joto linaharakisha uchakavu, ambao nao unaongeza ukinzani. Betri ya risasi ikiachwa siku nyingi bila kujazwa, sahani zake hushikwa na chembe ngumu zinazoziba njia ya umeme. Ya lithiamu hujengeka utando ndani. Oktoba, joto la Tabora likipita nyuzi 30, betri iliyowekwa juu karibu na bati inazeeka mbio.

Msidhani ni shida ya wanunuzi wa mitumba peke yao. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Wateja walikasirika, Apple ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Simu yako ikizima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30, kisa ni hicho hicho: betri ina akiba, lakini haiwezi kuitoa kwa haraka.

Sasa hoja yangu. Betri za mitumba tunauziwa kwa kuonyeshwa volti kwenye mita, bila taa wala kifaa chochote kuunganishwa. Namba hiyo peke yake haitoshi. Betri nzima na betri mgonjwa zote zinaweza kusoma 12.7 zikiwa zimepumzika. Ziunganishe na balbu ya taa ya gari ya wati 55, inayovuta kama ampea 4 na nusu, usubiri dakika moja, upime tena huku balbu inawaka. Yenye ukinzani wa omu 0.01 itashuka kwa 0.05 ya volti, hata hutashtuka. Yenye omu 0.2 itashuka kwa karibu volti nzima. Hiyo iache hapo hapo!

Balbu moja na dakika moja, basi. Kwa nini kipimo hiki kisiwe lazima? Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni ili mama asipunjwe kilo ya sukari. Mbona kwenye betri, inayokula akiba ya miezi kadhaa, tunaachiwa maneno ya muuzaji? Napendekeza kila anayeuza betri iliyotumika apime mbele ya mteja, kisha aandike namba zote mbili kwenye risiti, ya kupumzika na ya kazini. Fundi mwaminifu hapotezi kitu, na asiye mwaminifu tutamjua.

Mpaka sheria hiyo ije, mnunuzi jilinde. Beba balbu yako. Ukisikia "inajaa chapchap", uliza inaisha lini.

Nawasilisha.