Anayetafuta mtoto apimwe karibu na kwake

Mwanamke anayemeza vidonge vya kupevusha mayai hapimwi ultrasaundi mara moja yakaisha. Hupimwa mara tatu au nne ndani ya wiki moja hivi, katika mzunguko uleule. Kwa sababu hiyo tunasema kipimo hiki kiwe huduma ya kawaida Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara.

Vidonge, mara nyingi klomifeni, humezwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Kuanzia siku ya 10 hivi mtaalamu hupima kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, akitazama vifuko vya mayai kwenye ovari. Kifuko kinachoongoza hukua kama milimita 2 kwa siku. Kikifika milimita 18 au 20 na kitu, yai liko karibu kutoka. Wenzi huambiwa siku za kukutana, au mwanamke huchomwa sindano ya kuliachilia. Kama hakuna kifuko kilichokua, daktari hupanga upya dozi ya mwezi ujao. Vikikua vingi kwa pamoja, daktari makini haoni haya kusitisha sindano na kuwaomba wenzi wasikutane bila kinga mwezi huo, kwa kuwa mimba ya watoto watatu au wanne huhatarisha mama na wachanga.

Bila kipimo, dawa hizo ni kubahatisha tu. Wapo wanaozinunua dukani mwezi baada ya mwezi, wakihesabu siku kwa vidole.

Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Nauli ya kwenda kupimwa huko, Hospitali ya Bugando, mara moja mtu ataikopa. Mara nne ndani ya siku nane, mkulima wa pamba wa Bunda ataitoa wapi? Akikosa kipimo cha pili au cha tatu, mzunguko mzima unaweza kupotea, na fedha zake pia.

Mashine za ultrasaundi zimezoeleka kwa wajawazito. Kilichobaki si kikubwa: kifaa cha kupimia kwa ndani, wataalamu waliofundishwa kupima vifuko, mlango ulio wazi Jumamosi na Jumapili kwa sababu yai halisubiri Jumatatu, na bei moja kwa mzunguko mzima. Tungeomba pia benchi la peke yao wanaotafuta mtoto. Kumkalisha mwanamke anayelilia mtoto asubuhi nzima katikati ya matumbo ya wenzake ni ukatili, hata kama haukukusudiwa.

Na mume apimwe mbegu kabla mke hajameza kidonge cha kwanza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani. Upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya matatizo ya wenzi. Lakini mkoani kwetu, penye nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiyejaliwa mtoto huoa mwanamke mwenzake amzalie, lawama bado hutua kwa mke. Mirija ya uzazi ya mke nayo ichunguzwe: ikiwa imezibwa na maambukizi ya zamani, kifuko kitakua vizuri na mimba isitungwe.

Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ianze, hospitali za Bunda na Butiama zifuate. Mganga Mkuu wa Mkoa awaambie wananchi ni lini, na fedha zake zionekane kwenye bajeti ijayo.