Kamba Moja, Watoto Wanne
Kuwaketisha watoto wanne pamoja siko kuwafundisha kushirikiana. Ukiwauliza 7 mara 8, mmoja hujibu, watatu hunakili. Mimi nilikuwa mnakili hodari; hesabu zilikuwa daftarini, si kichwani.

Afadhali uwape kamba ya mita 24 na vigingi, wazungushe shamba la mstatili lenye eneo kubwa kupita yote. Mmoja atashika, wa pili atapima, wa tatu ataandika, wa nne atabisha. Wataona ya kuwa 11 kwa 1 ni mita za mraba 11 tu. 8 kwa 4 ni 32. 6 kwa 6 ni 36. Na kamba ni ile ile!

Hapo hata mtoto mnyamavu atauliza, “Kwa nini?” Mwalimu, usimjibu upesi, waachie wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.