Bukama–Kinshasa: saa mbili angani, siku kadhaa njiani

Ukipima moja kwa moja kwenye ramani, Bukama na Kinshasa zimetengana kwa kilomita zipatazo 1,270. Ndege ya jeti ingezimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini mkaaji wa Bukama anayepandia ndege Lubumbashi huanza safari kwa kuipa Kinshasa mgongo: anashuka kusini-mashariki zaidi ya kilomita 320, kisha anarushwa nyingine 1,560 kurudi kaskazini-magharibi. Jumla inapita 1,880, na hapo reli na barabara zimehesabiwa kana kwamba hazina kona.

Sehemu ya angani ndiyo rahisi, ingawa tiketi huwachanganya wengi. Haut-Lomami na Katanga ya zamani yote iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ndege ikitoka Luano saa 8:00 mchana na kuruka saa mbili na robo, inatua N'Djili saa 9:15 kwa saa ya huko. Wakati wa kurudi, safari ileile huonekana kuchukua saa tatu na robo. Ndege haijapunguza mwendo.

Ugumu uko chini. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, na hapo ndipo mto Lualaba unapoanza kupitika kwa meli kuelekea Kongolo. Mwaka 1928 reli ikafika Ilebo. Bukama ilikuwa njia panda ya nchi, si pembezoni. Leo treni za SNCC ni chache na ucheleweshaji umezoeleka. Mvua zikizidi, barabara nazo huharibika. Mgonjwa aliyepangiwa siku ya kuonana na daktari Kinshasa hawezi kununua tiketi ya kesho. Lazima atangulie Lubumbashi mapema, alipe malazi na chakula cha yeye na anayemsindikiza. Gharama hiyo haionekani kwenye bei ya ndege, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama ataondoka au atabaki.

Kamina, makao makuu ya jimbo, iko karibu zaidi, kama kilomita 107 kwa mstari ulionyooka. Kituo kikubwa kilichojengwa huko na Wabelgiji baada ya Vita Kuu vya Pili kina njia ndefu ya kurukia ndege, lakini ni cha jeshi.

Wakaaji wa Goma wanaijua hali hii kwa namna nyingine. Toka kwao hadi Kinshasa ni karibu kilomita 1,560 pia, sawa na Lubumbashi. Hata hivyo, M23 ilipoiteka Goma Januari 2025, ndege za kawaida za abiria zilisimama, na wasafiri wakaanza kuzungukia Kigali.

Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, imeongeza viti kati ya Kinshasa na Lubumbashi. Kwa abiria wa Bukama, viti hivyo bado viko mwisho wa reli.