Rwanda kuondoka CEEAC: nani anapoteza, nani anapata

Tarehe 7 mwezi wa sita 2025, mkutano wa wakuu wa nchi ulipofanyika Malabo, Rwanda ilitangaza kwamba inajitoa katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati, CEEAC. Huko Kinshasa habari hiyo ilipokelewa kama ushindi. Kwa mama anayevuka Petite Barrière asubuhi na beseni la nyanya kichwani, haikubadilisha kitu: ushuru anaolipa hautoki Libreville, makao makuu ya CEEAC, na haujawahi kutoka huko.

Ugomvi ulianza na kiti cha uenyekiti. Uongozi wa CEEAC huzunguka kati ya nchi wanachama, na safari hii zamu ilikuwa ya Rwanda. Wakuu wa nchi waliamua Guinea ya Ikweta ibaki kwenye kiti kwa mwaka mwingine. Kigali ilisema haki yake imekanyagwa ili kuifurahisha Kongo, na kwamba jumuiya imegeuzwa chombo cha nchi moja. Ofisi ya Rais Félix Tshisekedi ilieleza vingine: wakuu wa nchi wametambua kwamba Rwanda imeivamia Kongo, na wameitaka iondoe majeshi yake. Miezi michache kabla, Goma na Bukavu zilikuwa zimeanguka mikononi mwa M23. Kwa hiyo ni vigumu kuona namna gani Tshisekedi angekubali kukaa mezani chini ya uenyekiti wa Paul Kagame. Lakini ni kweli vilevile kwamba zamu ikiondolewa kwa nchi moja, kesho inaweza kuondolewa kwa nyingine, na kati ya wanachama wa CEEAC hazikosekani serikali zenye adui jirani.

Hii si mara ya kwanza. Mwaka 2007 Rwanda iliondoka katika CEEAC hiyohiyo, ikisema ina uanachama mwingi mno: mwaka ule ilikuwa inaingia EAC, na tayari ilikuwa ndani ya COMESA. Ilirudi 2016. Katika miaka ile ya kukosekana kwake, biashara kati ya Goma na Gisenyi haikusimama hata siku moja kwa sababu ya CEEAC.

Sababu yake ni rahisi. CEEAC iliundwa 1983, na eneo lake la biashara huria lilitangazwa 2004, lakini nchi zake zinauziana kidogo sana. Gabon, Angola, Chad, Kongo zote mbili na Guinea ya Ikweta huuza mafuta au madini kwa nchi za mbali na kununua karibu kila kitu kutoka mbali. Sita kati ya wanachama wana umoja wao mwingine, CEMAC, wenye franka moja na ushuru mmoja, na huko ndiko mambo ya forodha yanakoamuliwa. Rwanda, kwa upande wake, inapakana na wanachama wawili tu wa CEEAC: Kongo na Burundi. Mpaka wa Burundi ulifungwa na Gitega mwezi wa kwanza 2024. Unabaki mpaka wa Kongo, na huu hauendeshwi kwa sheria za CEEAC.

Mchuuzi wa Goma au Bukavu anayevuka na bidhaa zisizozidi kiwango fulani anatumia mfumo rahisi wa COMESA, ule unaojulikana kama RECOS. Kongo, Rwanda na Burundi zote ni wanachama wa COMESA. Tangu 2022 Kongo imo pia EAC, ingawa bado haijatumia kikamilifu ushuru wa pamoja wa jumuiya hiyo. Na kabla ya yote haya kulikuwa na CEPGL, iliyoundwa 1976 na yenye makao Gisenyi, ambayo karatasi zake za kuvukia watu wa Kivu walizizoea kuliko pasipoti. CEPGL ilikufa na kufufuka mara kadhaa kufuatana na vita, lakini vitoto vyake vingine viliendelea kuishi: umeme wa Ruzizi II bado unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi na kampuni ya pamoja, SINELAC. Jambo hilo laweza kuwashangaza wanaodhani kwamba serikali zikigombana kila kitu hukatika. Nyaya za umeme hazikukatwa.

Kinachoiumiza biashara ya Kivu leo kinajulikana na kila mtu wa Kivu, nacho ni uwanja wa ndege wa Goma uliofungwa, benki zilizofunga milango tangu mwezi wa kwanza 2025, kodi zinazolipwa kwa mamlaka mbili, na barabara zisizopitika. Tangazo la Malabo liko mbali sana chini katika orodha hiyo.

Je, Rwanda haipotezi chochote? Inapoteza, ila zaidi kisiasa. Haitakuwa tena katika COPAX, baraza la amani na usalama la Afrika ya Kati, ambako masuala ya mashariki mwa Kongo yatajadiliwa bila sauti yake. Kampuni yake ya ndege inahitaji soko la magharibi, Douala, Libreville, Brazzaville, na tayari tangu mwezi wa pili 2025 Kongo ilizifungia ndege za Rwanda anga lake, hivyo safari hizo zinazunguka mbali na kuchoma mafuta zaidi. Uanachama wa CEEAC haukuizuia Kinshasa kufunga anga. Pamoja na hayo, Kigali imejijengea njia nyingine: ina wanajeshi Bangui kwa makubaliano ya nchi mbili tangu 2020, na ilisaini mikataba kadhaa na Brazzaville mwaka 2022. Mahusiano ya namna hiyo hayahitaji jumuiya. Rwanda pia itaacha mchango wa asilimia 0.4 ambao CEEAC inaomba juu ya bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya.

Afrika Magharibi inaonyesha jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Mali, Burkina Faso na Niger ziliondoka rasmi CEDEAO tarehe 29 mwezi wa kwanza 2025. Wengi walitabiri mipaka kufungwa. Badala yake CEDEAO iliomba nchi zilizobaki ziendelee kutambua pasipoti za raia wa nchi hizo tatu na kuacha bidhaa zao zipite kama zamani, na nchi hizo tatu zilibaki ndani ya UEMOA, zikitumia franka ileile. Tanzania nayo ilitoka COMESA mwaka 2000, ikabaki na SADC na EAC, na malori yake hayakukosa wateja. Anayetoka jumuiya moja huku mguu wake mwingine uko katika nyingine haanguki.

Aliyeanguka ni yule aliyetoka mahali ambapo biashara ilikuwa kweli imeunganishwa. Uingereza ilipoacha soko la pamoja la Ulaya mwanzoni mwa 2021, makaratasi ya forodha yalirudi kwa siku moja, na ofisi huru inayokadiria bajeti ya nchi hiyo inahesabu kwamba tija ya uchumi wake itakuwa chini kwa asilimia 4 kwa muda mrefu kuliko kama ingebaki.

Hapa ndipo suala linapogeuka na kuigusa Kongo yenyewe. Tangu Goma ianguke, kuna sauti zinazodai Kongo nayo itoke EAC, kwa kuwa Rwanda imo humo na kwa kuwa jeshi la EAC lililokuja 2022 liliondoka mwishoni mwa 2023 bila kuwaondoa waasi. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini EAC si CEEAC. Bidhaa za Beni na Butembo zinateremka Mombasa, zinapita Malaba na Kampala, zinaingia Kasindi. Za Uvira, Kalemie na sehemu kubwa ya Katanga zinatoka Dar es Salaam. Bunagana, mlango mwingine wa Uganda, uko chini ya M23 tangu mwezi wa sita 2022. Kutoka EAC hakutafunga bandari hizo, maana Kongo ilizitumia miaka mingi kabla ya kuwa mwanachama. Kutaiondoa tu kwenye meza ambako ada za njia, visa na ukaguzi wa malori vinajadiliwa. Na Rwanda itabaki kwenye meza hiyo, safari hii bila Mkongomani mbele yake.

Kisheria si jambo la siku moja. Kifungu cha 145 cha mkataba wa EAC kinadai kura ya theluthi mbili ya wabunge wote, kisha taarifa ya miezi 12, na katika miezi hiyo nchi inaendelea kulipa michango na kutii sheria.

Siku 20 baada ya Malabo, tarehe 27 mwezi wa sita, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili, Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe, walisaini mkataba wa amani Washington. Ndani yake mna sehemu nzima juu ya kuunganisha uchumi wa eneo hili, hasa biashara ya madini. Nchi mbili zilizoshindwa kukaa pamoja Malabo zimeahidi kufanya biashara pamoja mbele ya Wamarekani, nje ya CEEAC na nje ya EAC. Wafanyabiashara wa Goma, ambao benki zao bado zimefungwa, hawajaambiwa ni lini ahadi hiyo itawafikia.