Jamani, bibi anameza dawa ngapi?

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, ndugu msomaji, mniwie radhi. Bibi yangu mzaa mama alianguka usiku akienda msalani, akavunjika mkono. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Lakini wakati namuuguza nimeona jambo ambalo limenikera, na leo nalisema.

Nyumbani kila mtu alisema kaanguka kwa sababu ya uzee. Hata mimi nilikubali, mpaka siku aliponiagiza nimletee dawa zake. Zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la khanga. Nikahesabu aina saba. "Mjukuu wangu," akaniambia huku anacheka, "mimi siku hizi nikishameza dawa nimeshiba, ugali wa nini?"

Kazi yetu waandishi ni kuuliza, basi nikaanza kuuliza kila kidonge kimetoka wapi. Kumbe kisa kilianzia kwenye magoti. Yalimuuma, akanunua diklofenaki duka la dawa la jirani, akawa anameza kila siku kwa miezi. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa za mzee. Alipokwenda kliniki presha ikakutwa juu, akaongezewa amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Hakuna aliyemuuliza magoti anayatibu na nini. Amlodipini nayo, hasa dozi ikiwa kubwa, huvimbisha miguu. Ikavimba kweli. Akaenda zahanati nyingine na daftari jingine, akapewa Lasix ya kupunguza maji mwilini. Hakuna aliyemwambia aimeze asubuhi, akawa anaimeza jioni. Basi mtu wa miaka 78 anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa, gizani, na kizunguzungu juu. Akaanguka.

Sasa niambieni, uzee uko wapi hapo?

Nimezungumza na rafiki yangu mfamasia, akaniambia wala si jambo geni. Madhara ya dawa moja yanadhaniwa ni ugonjwa mpya, unaongezewa dawa nyingine. Huko Marekani daktari Mark Beers na wenzake walichapisha mwaka 1991 orodha ya dawa za kuepuka kwa wazee, na chama cha madaktari wa wazee cha huko kiliihuisha tena mwaka 2023. Hata Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenklamidi, dawa ya kisukari, haifai kwa aliyevuka miaka 60. Figo za mzee huchelewa kuitoa, sukari inashuka mno, mzee anatetemeka na kuongea ovyo, sisi tunasema kachanganyikiwa. Piriton tunayoinunua kama pipi nayo inaweza kumletea mzee usingizi mzito, kuchanganyikiwa na mkojo kuziba.

Hapa kwetu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee. Ni jambo jema, sibezi. Ila tumeweka nguvu kwenye mzee kupata dawa bure, tukasahau kuuliza kama dawa anayopewa inapatana na anazomeza tayari. Kliniki ya presha inatazama presha, ya sukari inatazama sukari, na muuza duka anatazama hela. Anayemtazama bibi mzima nani?

Najua madaktari ni wachache na foleni ni ndefu. Nimekaa kwenye foleni hizo. Lakini swali moja, "bibi, unameza dawa gani nyingine?", halichukui dakika mbili. Mkono uliovunjika umechukua wiki nzima za mama, hela za teksi na machozi ya bibi.

Na sisi wajukuu tusijitoe. Ukimpeleka mzee hospitali beba dawa zake zote, pamoja na za dukani na za miti shamba, zimwage mezani kwa daktari. Uliza kila moja ni ya nini, imezwe saa ngapi, na ipi inaweza kuachwa. Tafadhali usimwachishe dawa mwenyewe nyumbani, maana presha ikiachwa ghafla bila dawa inaweza kuleta kiharusi. Aamue daktari, lakini aamue akiwa ameziona zote.

Sisi tulifanya hivyo wiki iliyopita. Daktari kijana, mpole, alimwamkia bibi, akazipanga dawa moja moja, akaziondoa tatu. Diklofenaki na Lasix zimo. Jana bibi kalala mpaka alfajiri, na asubuhi kadai ugali.

Je, wewe bibi yako anameza ngapi? Kamuulize leo.