Mpira Uliogeuka Yai: Uwiano na Kioo cha Televisheni

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa la sita nikimtazama mwanachuo wetu akifundisha uwiano. Aliandika ubaoni: "Gawa machungwa 28 kwa Juma na Asha kwa uwiano wa 4:3." Watoto wakajibu barabara, 16 na 12. Ndipo mmoja wao akanyosha mkono akauliza kwa nini katika televisheni ya kwao mpira huonekana kama yai kila zinapoonyeshwa mechi za zamani. Darasa likaangua kicheko. Mwanachuo akamwambia aketi, kwani hilo halimo katika somo.

Lilikuwamo. Jibu lilikuwa ubaoni, kwa chaki yake mwenyewe.

Televisheni ilipoanza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994, kioo chake kilikuwa mstatili wenye uwiano wa 4:3, yaani upana kwa kimo. Vioo vinavyouzwa leo aghalabu ni vya 16:9. Picha ya 4:3 ikivutwa hadi ijaze kioo cha 16:9, kimo hakibadiliki, bali kila upana huzidishwa kwa 4/3. Basi mpira wenye kimo cha sentimita 6 hupata upana wa sentimita 8. Hilo ndilo yai. Picha isipovutwa, robo ya kioo hubaki nyeusi, imegawanyika kushoto na kulia; maana 12:9 ni sawa na 4:3, na 12 ni robo tatu ya 16.

Kwa maoni yangu, tunafundisha uwiano kana kwamba kazi yake ni kugawana machungwa tu. Kugawana ni mwanzo mzuri, sikatai. Lakini mtoto aishiaye hapo hajui kwamba uwiano hueleza umbo, na umbo ndilo limkabililo kila jioni, kwao au kwa jirani. Wala hataweza kumsaidia mzazi wake dukani. Ukubwa wa televisheni hutajwa kwa inchi za ulalo, yaani mstari utokao pembe moja hadi pembe inayoikabili. Mzazi huambiwa kwamba ile ya mtumba ni inchi 20 na hii mpya ni inchi 20, naye huamini kuwa vioo vyake vinalingana.

Ewe mwalimu mtarajiwa, jaribu zoezi hili kwa karatasi ya manila, rula na mkasi. Sentimita moja isimame badala ya inchi moja. Wanafunzi wachore mstatili wa 16 kwa 12 (yaleyale machungwa ya Juma na Asha), kisha wapime ulalo wake: sentimita 20 kamili. Wachore na mwingine wa 16 kwa 9. Ulalo wa huu hautafika 20. Basi wauendeleze mpaka ufike, na kutoka hapo wakamilishe mstatili mkubwa zaidi wenye umbo lilelile. Watapata upana wa kama sentimita 17.4 na kimo cha 9.8. Wakate mistatili hii ya ulalo wa 20, mmoja wauweke juu ya mwenzake, kisha watafute maeneo. Ule wa 4:3 una sentimita za mraba 192. Huu mpana una karibu 171. Hapa usiharakishe. Waache wabishane, wapime tena. Nimepata kuona wanachuo watu wazima wakiilaumu rula.

Wapo watakaosema kwamba kanuni ya Pythagoras ni nzito kwa watoto wa umri huo. Huenda ikawa hivyo, lakini zoezi hili haliihitaji. Linahitaji mkono ulionyooka na mwalimu asiyeogopa swali.

Nilimwomba mwanachuo yule arudi darasani siku ya pili na manila yake. Alianza kipindi kwa kumwita mtoto yule mbele, amuulize upya lile swali la yai.